Mshamba wa Muhogo Mchungu Aliyekuwa Waziri wa Ulinzi

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi mnaosoma ukurasa huu mnalijua jina la marehemu Mzee Rashidi Mfaume Kawawa. Wengi wenu mnamjua kama Simba wa Vita, aliyekuwa Waziri Mkuu, Makamu wa Pili wa Rais, na Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa katika siku zile Idi Amin alipoivamia Kagera. Sisi tuliolelewa katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, baina ya Palma na Mocímboa da Praia, tulimjua kwanza kwa sifa nyingine kabisa. Tulimjua kama mshamba aliyeingia mjini akatapeliwa. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma, kabla hatujajua kwamba ana jina jingine wala kwamba ni mtu aliye hai.

Televisheni haikuwako kwetu, na ingalikuwa kichekesho kuitaja. Mji mkuu wa Msumbiji wenyewe ulianza matangazo ya majaribio ya televisheni mwaka 1981. Tanzania Bara iliipata mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Unguja walitangulia katika miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi. Katika utoto wetu, mwanzoni mwa miaka ya 1960, burudani ya usiku ilikuwa baraza, mwezi, na mtu mzima mwenye maneno.

Babu mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na maneno kuliko wote. Kama wanaume wengi wa pwani ile na wa bara ya Mueda, alikuwa ameivuka Ruvuma kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Lindi na Mtwara, kwa kuwa huku nyumbani Mreno alidai kodi ya kichwa, na aliyekosa kulipa alipelekwa kazi ya shokoa. Wengine walirudi na baiskeli, wengine na cherehani. Babu huyu alirudi na sinema. Hakuwa na mashine wala kitambaa cheupe. Aliibeba kichwani na miguuni. Serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilikuwa na magari ya sinema yaliyozunguka vijijini na mashambani, yakionyesha picha zisizo na rangi, na kati ya picha hizo mojawapo ilikuwa ya Kiswahili, yenye kuchekesha, iliyoitwa Muhogo Mchungu. Babu aliitazama mara nyingi, akaihifadhi kama mwanachuoni anavyohifadhi.

Basi baada ya sala ya isha tulikusanyika, naye akasimama uwanjani akawa yule mtu wa shamba. Alitembea shingo imeinuka, akihesabu madirisha ya majumba ya Dar es Salaam, huku mkono mmoja umebana mfuko wenye fedha za mavuno. Tulijua litakalompata, maana tumekwisha kulisikia mara ishirini, na bado tulimpigia kelele aangalie nyuma. Hakuangalia kamwe. Kila usiku matapeli walizidi werevu kidogo na fedha zilizidi wingi kidogo, wala hakuna aliyelalamika. Mtoto mmoja aliwekwa penye njia kuangalia kama sipai anakuja. Kucheka hakukuwa kosa katika sheria ya Mreno, lakini sipai hakupenda kuwakuta watu wanacheka asijue wanachekea nini.

Mtu aliyekuwa ndani ya picha ile alizaliwa tarehe 27 Mei, 1926, huko Matepwende, katika nchi ya Songea, mkoa ambao leo unachukua jina la mto ule ule unaomwaga maji yake baharini karibu na kwetu. Twapenda kuona kwamba alitoka kwenye mto ambao sisi tulikunywa mwisho wake. Alipata elimu yake ya juu katika Shule ya Serikali ya Tabora, shule iliyowalea viongozi wengi wa Tanganyika, kisha akaingia katika ukarani wa serikali na baadaye katika kazi ya maendeleo ya jamii. Hapo ndipo sinema ilipomkuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ilipatana na kampuni moja ya filamu ya Afrika Kusini ili zitengenezwe picha za Kiswahili za kuwaelimisha na kuwaburudisha wananchi, na kijana Kawawa akachaguliwa kuwa mchezaji mkuu.

Yafaa tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Kijana msomi wa Tabora, mwenye kalamu mfukoni, anakubali kusimama mbele ya mashine na kujifanya mtu asiyejua kuvuka barabara. Wakoloni waliozigharimia picha hizo yamkini walikuwa na nia yao, nayo ni kumwonya Mwafrika abaki shamba, mji si mahali pake. Lakini watazamaji hawakuchukua somo hilo. Wakata mkonge walimtazama mshamba yule wakajiona wenyewe, wakampenda. Yule aliyetapeliwa alikuwa mwenzao, na waliyemchukia alikuwa tapeli.

Kawawa hakukaa sana katika sinema. Mwaka 1953 alipelekwa Urambo kuwashughulikia Wakikuyu waliowekwa kizuizini kwa ajili ya vita vya Mau Mau, na mwaka 1955, lilipoundwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Akaacha kazi ya serikali, akajiunga na wenzake wa TANU katika mapambano. Tarehe 22 Januari, 1962, wiki chache baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili aende kukijenga chama, na Kawawa akakabidhiwa nchi. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Alikaa katika kiti hicho muda usiotimia miezi kumi na moja, mpaka Jamhuri ilipotangazwa tarehe 9 Desemba. Waandishi wa historia ya Tanzania hutaja zaidi jinsi alivyoharakisha kuwapa Waafrika kazi zilizoshikwa na wageni. Kwetu sisi watu wa Cabo Delgado tarehe ya mwaka ule ni nyingine. Tarehe 25 Juni, 1962, FRELIMO iliundwa mjini Dar es Salaam, na Waziri Mkuu wa nchi iliyotoa mahali hapo alikuwa yule mshamba wetu. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Mreno awamiminie risasi watu waliokusanyika Mueda, tarehe 16 Juni, 1960.

Mwaka 1964 ulikuwa mzito pande zote mbili za mto. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles waliasi mjini Dar es Salaam. Rais na Makamu wake, Kawawa, ikabidi wafichwe, na Ndugu Oscar Kambona ndiye aliyetoka kusemezana na waasi. Aibu ikazidi pale ilipolazimu kuwaita makomandoo wa Kiingereza, ambao tarehe 25 walilimaliza jambo lile. Hatulitaji kwa kuwasuta askari wa leo, ambao wengi hawakuwa wamezaliwa. Twalitaja kwa sababu jeshi jipya, Jeshi la Wananchi, lililoanzishwa tarehe 1 Septemba mwaka ule ule, lilijengwa na watu waliokwisha kujua ladha ya kujificha katika nchi yao wenyewe. Na kabla mwezi ule haujaisha, tarehe 25 Septemba, risasi za kwanza za FRELIMO zilisikika Chai, bara ya pwani yetu.

Vita vikatufukuza. Tuliivuka Ruvuma usiku pamoja na maelfu ya wakimbizi, babu naye akiwa pamoja nasi, amebeba mkeka na sufuria. Katika kambi tuliyopelekwa, kusini mwa Tanzania, kulikuwa na ofisi ndogo, na ukutani mwa ofisi hiyo zilitundikwa picha mbili. Ya kwanza tuliifahamu, ya Mwalimu. Babu alisimama mbele ya ile ya pili kwa muda mrefu, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika kiuno. Alitugeukia akatuambia kwamba mtu huyu ndiye yule, kwamba ndiye aliyetapeliwa.

Kijana aliyekuwa na madaraka pale hakupendezwa. Alimkemea mzee mbele za watu, akamwambia kwamba huyo ni Makamu wa Pili wa Rais, na kwamba mgeni aliyepokewa katika nchi ya watu hamcheki kiongozi wao. Sisi watoto tuliogopa. Tulidhani tutarudishwa ng'ambo. Babu akavua kofia, akamwomba radhi, kisha kwa sauti ya upole akamweleza kwamba huko alikotoka wako wakubwa wengi ambao hakuna mtu anayethubutu kuwacheka, na kwamba ni kwa sababu hiyo amekuja hapa na mkeka wake. Kijana hakuwa na jibu. Akatuandika majina.

Mzee Kawawa mwenyewe hakuona haya kwa picha zile, wala hakuficha kwamba aliwahi kuwa mchezaji sinema, hata alipofika kwenye vyeo vikubwa. Twaona hapo ushujaa wa namna yake. Mtu mwenye cheo aghalabu hupenda picha zake za zamani zisahauliwe, hasa ile ambayo ndani yake yeye ndiye mjinga.

Hatusemi kwamba hakuwa na kasoro. Alikuwa mtekelezaji mwenye haraka. Lililoamuliwa asubuhi alitaka lionekane jioni. Uongozi wake wa pili wa uwaziri mkuu, tangu mwaka 1972 hadi 1977, ndio uliokuwa na zile operesheni za kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na si siri kwamba mahali pengi watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikabomolewa, na mazao yakaachwa shambani. Waliotumwa kuifanya kazi hiyo walikuwa pamoja na askari na mgambo. Mshamba wa sinema alipoteza fedha za mavuno kwa matapeli. Katika operesheni wako wakulima waliopoteza mavuno yenyewe, na hawakuwa na wa kumcheka. Tumewahi kujiuliza kama wakati mwingine, alipokuwa katika ziara zake, aliziona nyuso zile akaukumbuka mwendo wake wa zamani.

Mwaka 1977 marehemu Edward Sokoine aliushika uwaziri mkuu, na Kawawa akapewa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwishoni mwa Oktoba, 1978, majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaua na kupora, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba nchi yote ya kaskazini ya mto ni yake. Askari wa leo mmefundishwa vita hivyo chuoni, wala hatuna haja ya kuwahadithia jinsi wanamgambo walivyokusanywa kutoka kila mkoa, ng'ombe na magari yakatolewa na wananchi, mto ukavukwa, na Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili, 1979. Wakuu wa mapambano walikuwa wanajeshi wenyewe, na sifa ya uwanja wa vita ni yao. Kazi ya Waziri ilikuwa ile isiyopigwa picha, ya kuhakikisha kwamba vita vinavyoendeshwa na nchi maskini havikwami njiani.

Aliiacha wizara hiyo mwaka 1980, baadaye akawa Katibu Mkuu wa Chama cha Mapinduzi, kisha akastaafu kwa heshima. Alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2009, akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa nyumbani kwake Madale. Barabara kubwa ya jiji hilo yaitwa kwa jina lake, na magari hujazana humo kutwa. Mtu wa shamba anayeivuka kwa mara ya kwanza bado hutazama upande usiofaa.

Babu yetu hakuzisikia habari za msiba. Msumbiji ilipopata uhuru, tarehe 25 Juni, 1975, alirudi Palma, akakuta minazi yake imemezwa na nyasi, akaanza upya. Huko ndiko alikomalizia umri wake. Tulipomtembelea mara ya mwisho, vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha kitambo, naye bado alikusanya watoto uwanjani baada ya isha. Tulikaa nyuma, watu wazima sasa, tukamsikiliza. Mshamba aliingia mjini shingo imeinuka, mkono umebana mfuko, na watoto wakampigia kelele aangalie nyuma. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, akaangalia. Alimkimbiza tapeli kutoka Kariakoo mpaka Bukoba, akamvusha mto, akamwingiza Kampala, akamtoa kwa mlango wa pili, na tapeli akaenda zake mbio huku amebeba medali zake zote kifuani, zinalia kama njuga. Watoto walianguka mchangani kwa kicheko. Mmoja wao aliuliza kama fedha zilipatikana. Babu akajibu kwamba hapana, fedha hazikupatikana, akaketi, akaomba maji.