Insha Iliyomshika Mwandishi Wake: Maisha ya Thomas Clarkson (1760–1846)

Katika kufundisha insha ya hoja, sisi walimu hukabiliwa na tatizo la kudumu. Mwanafunzi hupewa suala lenye ubishi, huchagua upande, hupanga hoja zake tatu au nne, hupata alama, kisha husahau yote aliyoyaandika. Tumeona yafaa tueleze kwa ufupi maisha ya Thomas Clarkson, mtu ambaye hakuweza kuisahau insha yake.

Clarkson alizaliwa mwaka 1760 katika mji wa Wisbech, Uingereza. Baba yake, mwalimu mkuu wa shule ya mji huo, alifariki mwanawe akiwa bado mdogo. Kijana alisoma London, kisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akikusudia kuwa kasisi. Mwaka 1785 Peter Peckard, Makamu Mkuu wa Chuo, alitoa suala la shindano la insha ya Kilatini: iwapo ni halali kuwatia watu utumwani bila ya ridhaa yao. Suala hilo halikuwa la nadharia tupu. Wakati huo meli za Uingereza zilikuwa zikiwavusha maelfu kwa maelfu ya Waafrika katika bahari ya Atlantiki, na matajiri wengi waliishi kwa faida ya biashara hiyo.

Clarkson hakuwa na ujuzi wowote wa mambo hayo. Alikuwa amekwisha kushinda mwaka uliotangulia, na sasa alitaka kuongeza heshima yake. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, alikimbilia kusoma. Alisoma kitabu cha Anthony Benezet, mwalimu wa Philadelphia aliyewafundisha watoto weusi. Akapitia karatasi za marehemu mmoja aliyefanya biashara hiyo. Akawahoji maofisa waliokaa visiwani West Indies. Kadiri alivyosoma ndivyo furaha ya shindano ilivyomtoka. Usiku aliiacha taa ikiwaka ili aandike kila wazo lililomjia.

Insha ilishinda, naye akaisoma mbele ya wakuu wa Chuo. Lakini alipokuwa njiani kwenda London, karibu na Wadesmill, alishuka juu ya farasi wake akaketi kando ya njia. Aliona kwamba ikiwa aliyoyaandika ni kweli, basi hapana budi atokee mtu wa kuyakomesha.

Mwaka 1786 aliitoa insha hiyo kwa Kiingereza, na mwaka 1787 alikuwa miongoni mwa watu 12, wengi wao wa dhehebu la Marafiki, walioanzisha kamati ya kuipinga biashara hiyo. Kazi yake ilikuwa kutafuta ushahidi. Wateteaji wa biashara walidai kwamba ndiyo iliyokuza mabaharia wa taifa. Clarkson hakuipuuza hoja hiyo. Alikwenda Bristol na Liverpool, akachunguza orodha za mabaharia, akaonyesha kwamba biashara hiyo iliwaua mabaharia kuliko kuwakuza. Walidai pia kwamba Afrika haina kingine cha kuuza. Naye akazunguka na sanduku lenye vitambaa, pembe, viungo na mbao za Afrika. Alinunua pingu za watumwa dukani Liverpool ili watu wazione. Katika mji huohuo aliponea chupuchupu kusukumwa baharini na kundi la maadui.

Hakuwa peke yake. Waafrika waliopata kuwa watumwa, kama vile Ottobah Cugoano na Olaudah Equiano, walitoa ushahidi wao katika vitabu vya mwaka 1787 na 1789, na William Wilberforce aliusimamia mjadala Bungeni. Hoja ilishindwa mwaka 1791, na afya ya Clarkson ikadhoofika. Biashara ilipigwa marufuku mwaka 1807, na sheria ya kuukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1833. Clarkson alifariki mwaka 1846.

Tunapata mafunzo gani? Kwanza, suala la insha liwe lile ambalo jibu lake humdai mtu kitu. Tukitoa masuala mepesi, tusishangae kupata hoja nyepesi. Pili, mwanafunzi atumwe kutafuta kabla ya kuchagua upande: asome, aulize wazee, wafanyakazi na wenye kuhusika. Tatu, hoja ya mpinzani ielezwe katika nguvu zake zote, kisha ijibiwe kwa ushahidi, si kwa kejeli. Nne, baada ya kusahihisha, tumwulize mwandishi iwapo anaamini alichokiandika, na kama anaamini, kinamlazimu kufanya nini. Swali hili la mwisho halimo katika mitihani yetu. Hata hivyo ndilo lililomshusha Clarkson juu ya farasi wake, na bila ya hilo insha yake ingebaki Kilatini kizuri kilichopata tuzo.