Baimungi aliitwa shujaa, akauawa kama mhalifu

Kila Desemba tunapoadhimisha Jamhuri, majina ya Kenyatta na Kimathi hutajwa kuanzia Vanga hadi Kiunga. La Baimungi M'Marete wa Meru ni nadra kulisikia huku kwetu. Leo nataka nimzungumzie, maana maisha yake yanatuonyesha haki za binadamu zina kazi gani.

Baimungi alikuwa kiongozi wa Mau Mau katika misitu ya Mlima Kenya. Mkoloni alipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, Wameru na Waembu walitiwa kapu moja na Wakikuyu. Watu walihamishwa kwa nguvu wakarundikwa vijijini chini ya ulinzi, na maelfu wakawekwa kambini bila kesi. Kambi za Mwea zilikuwa wilaya ya Embu. Nyingine zilikuwa huku kwetu: Manyani, Mackinnon Road na kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Juni 1953, huko Chuka, wanajeshi wa Mwingereza waliwaua wanakijiji wapatao 20, na hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Mnyonge angemkimbilia nani, ikiwa askari ndiye muuaji na mahakama imenyamaza?

Waruhiu Itote alikamatwa 1954. Kimathi alikamatwa 1956, akanyongwa Februari 1957. Baimungi na Musa Mwariama hawakukamatwa. Uhuru ulipofika Desemba 1963, walikuwa bado na watu wao msituni. Serikali mpya ikawapokea kama mashujaa, ikatoa msamaha wenye tarehe ya mwisho, na wengi wakatoka.

Dai la Baimungi lilikuwa ardhi. Mashamba ya walowezi yalikuwa yakinunuliwa na kugawanywa kwa mikopo, na aliyepewa alitakiwa kulipa. Mtu aliyekaa msituni miaka kumi angelipa kwa nini? Homugadi aliyemtumikia mkoloni alikuwa na akiba yake, mpiganaji hakuwa na kitu. Baimungi akakataa kuweka silaha chini. Mwanzoni mwa 1965 vikosi vya usalama vilimuua pamoja na mwenzake, Jenerali Chui, na miili yao ikaanikwa hadharani watu waione. Mau Mau yenyewe ilibaki marufuku kisheria hadi 2003.

Kuna watakaosema alikuwa na bunduki na muda wa msamaha ulikuwa umekwisha. Ni kweli, na serikali yoyote ingetaka kumkamata. Lakini kumkamata mtu na kumfikisha mbele ya hakimu ni jambo moja, kumuua na kuianika maiti yake ni jingine. Na hata kama alivunja sheria, swali lake la ardhi lilistahili jibu. Lilizikwa naye.

Hapa ndipo haki za binadamu zinapohitajika. Siku polisi, mahakama na Bunge vinapofanya kazi sawasawa, hatuzikumbuki. Thamani yake huonekana siku vyote vimekugeuka, ukabaki na utu wako pekee.

Sisi wa Pwani tusidhani haya ni ya bara. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda wakati wa vita vya Shifta, na wilaya za Lamu na Tana River zilikuwemo. Miaka ya karibuni tumeona vijana wetu wakitoweka, na wapo miongoni mwetu waliosema labda walikuwa na makosa. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyochunguza dhuluma za tangu 12 Desemba 1963, ilikabidhiwa Mei 2013. Mpaka leo mapendekezo yake mengi hayajatekelezwa. Wabunge wetu watakapokuja kuomba kura, tuwaulize kuhusu ripoti hiyo. Na tuulize kwa ajili ya watu wa Meru na Embu pia, ili wao nao waulize kwa ajili yetu.