Hugo von Hofmannsthal na Nyaraka za Rafiki Zake

Mshairi huyu alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 1 Februari 1874, mwana wa pekee wa baba yake. Alipopata miaka 16, angali mwanafunzi, mashairi yake yalianza kupigwa chapa. Wanafunzi walikatazwa jambo hilo, basi akajiita Loris. Waandishi wa mji walidhani Loris ni mtu mzima. Walipomwona mvulana wakastaajabu.

Miongoni mwao walikuwako Arthur Schnitzler, tabibu na mtunga hadithi, aliyemzidi miaka 12, na Richard Beer-Hofmann. Watatu hao wakashikana urafiki. Mwaka wa 1901 Hugo alioa akahamia Rodaun, nje kidogo ya Vienna. Schnitzler naye akaoa mwaka wa 1903. Tangu hapo urafiki ukawa wa nyumba na nyumba, na barua zikapita kati yao miaka mingi.

Lakini barua huweza kuumiza pia. Mwaka wa 1908 Schnitzler alitoa kitabu kikubwa, Der Weg ins Freie, nacho hakikumpendeza Hugo. Mwaka wa 1910 akamwandikia mwenyewe kwamba alikiacha katika gari la moshi, nusu kwa kusahau, nusu kwa kusudi. Labda alifanya mzaha. Lakini twajua kwamba mzaha wa karatasi hauna uso wala sauti. Schnitzler aliona uchungu sana, wala hakuficha. Hata hivyo hawakuachana.

Kwa Beer-Hofmann mambo yalikuwa mazito zaidi. Huyo alitunga mchezo juu ya ndoto ya Yakobo, na mwaka wa 1919 Hugo akamwandikia kwa ukali kwamba aliona humo majivuno ya taifa. Urafiki wa karibu miaka 30 ukapoa.

Kisha misiba ikaingia nyumbani mwao. Mwaka wa 1928 Lili, binti Schnitzler, alijiua, naye hajatimiza miaka 19. Tarehe 13 Julai 1929 Franz, mwana wa Hugo, alijiua vilevile. Siku mbili baadaye, tarehe 15, baba alipokuwa akijitayarisha kwenda kumzika mwanawe, alishikwa na kiharusi akafa.

Schnitzler alifariki mwaka wa 1931. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka wa 1938, makaratasi yake yalipelekwa Cambridge, Uingereza, yasiharibiwe. Mwaka wa 1964 mwanawe Heinrich, pamoja na Therese Nickl, alizitoa chapani barua za marafiki hao wawili, hata ile ya gari la moshi.