Florence Nightingale na Chakula cha Wagonjwa

Ikiwa unakaa Chita, huenda umewahi kumwona mama akipeleka uji kwa mgonjwa aliyelazwa Ifakara. Lakini ugonjwa wa kuambukiza unapoenea, jamaa huweza kuzuiwa wasiingie wodini. Je, nani atamlisha mgonjwa? Soma habari za mtu aliyekabili shida hiyo zamani.

Florence Nightingale alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, akapewa jina la mji huo. Wazazi wake, Waingereza matajiri, hawakupenda awe muuguzi. Yeye alishikilia nia yake.

Mwaka 1854 Uingereza ilikuwa ikipigana na Urusi. Kipindupindu, kilichokuwa kimeenea katika nchi nyingi, kiliwashika askari. Mwezi wa Novemba Florence alifika katika hospitali ya jeshi ya Scutari, Uturuki, pamoja na wanawake 38. Waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha.

Jikoni mlikuwa na shida kubwa. Nyama ya kila kikundi cha wagonjwa ilitiwa alama, kisha yote ikatumbukizwa pamoja katika masufuria makubwa. Iliyotangulia ilirojeka, iliyochelewa ilitoka mbichi. Mmoja alipata mnofu, mwenzake mfupa mtupu. Hebu fikiri: mtu anayeharisha tangu alfajiri, asiyeweza hata kuketi, atatafunaje nyama ngumu?

Florence aliweza kutumia fedha zilizochangwa na wasomaji wa gazeti la The Times, lakini mwanzoni madaktari hawakumtaka, naye hakumpa mgonjwa chakula bila idhini yao. Akangoja. Wagonjwa walipozidi, waliomba msaada wake. Ndipo akafungua majiko madogo ya kupikia supu na uji laini wa wanga. Mwaka 1855 Alexis Soyer, mpishi Mfaransa, alikuja akayapanga upya majiko makubwa.

Hata hivyo chakula peke yake hakikutosha. Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa wapatao 42. Machi wakaja wakaguzi kutoka Uingereza, wakazibua mifereji ya uchafu iliyopita chini ya jengo na kusafisha njia za maji. Kufikia Juni walikufa 2 tu katika kila 100. Watu wengi husema kwamba Florence aliyafanya hayo yote peke yake, si kweli. Yeye aliporudi kwao mwaka 1856 alizichunguza hesabu za vifo, akachora michoro iliyowaonyesha wakubwa madhara ya uchafu.

Katika kitabu chake cha uuguzi alieleza kwamba mgonjwa aweza kufa njaa na chakula kiko kando ya kitanda, iwapo hakuna anayeangalia ni saa ngapi aweza kula na kiasi gani aweza kumeza. Alitaka mgonjwa dhaifu alishwe kidogo kidogo, mara kwa mara, na mabaki yaondolewe. Siku zile wagonjwa wa kipindupindu hawakunyweshwa maji yenye chumvi na sukari kama wafanyiwavyo leo, na kijidudu cha ugonjwa huo Robert Koch alikitambulisha kwa ulimwengu baadaye, mwaka 1884.

Mwaka 1860 shule ya wauguzi ilifunguliwa kwa jina lake katika Hospitali ya St Thomas, London. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90.