Newton Aliokoka Lini?

Kila mwaka huwafundisha wanafunzi wangu kwamba kiambishi -me- huarifu tendo lililokwisha kutimia. Mtu akisema ameokoka, basi yamekwisha. Hata hivyo, maisha ya John Newton, aliyezaliwa London mwaka wa 1725, hunitia shaka.

Alikuwa baharia mtukutu, tena mwingi wa kukufuru. Mnamo Machi 1748, dhoruba ilipoikumba merikebu aliyoabiri, alimlilia Mungu. Tangu siku hiyo aliacha matusi, akashika Biblia. Biashara ya watumwa hakuiacha. Kati ya 1750 na 1754 alikuwa nahodha wa merikebu zilizowavusha Waafrika Bahari ya Atlantiki. Juu akiwasalisha mabaharia wake, chini, katika tumbo la chombo, binadamu wamefungwa minyororo. Kilichomtoa baharini mwaka wa 1754 ni maradhi ya ghafla, wala si dhamiri. (Wahubiri wapendao kukomea kwenye dhoruba wataniwia radhi.)

Mwaka wa 1764 akawa kasisi mjini Olney, na huko ndiko alikotunga wimbo maarufu wa Amazing Grace. Ilipofika 1788, miaka 40 baada ya dhoruba, ndipo alipochapisha kijitabu cha kuungama aliyoyatenda na kufichua unyama wa biashara ile. Bunge la Uingereza liliipiga marufuku Machi 1807; Newton akafariki Desemba mwaka uo huo.

Mwenyewe alikiri kwamba siku ya dhoruba hakuwa bado muumini kamili. Mwanafunzi mmoja amenipendekezea tuseme alikuwa anaokoka, nami nimeshindwa kumkatalia.