Joseph Murumbi na Nyumba Isiyokuwapo Tena

Ni wachache mno waliofika cheo cha Makamu wa Rais kisha wakakiacha kwa hiari yao. Marehemu Joseph Murumbi alikipata mwaka 1966 na mwaka huo huo akajiuzulu, akaenda zake kushughulika na vitabu na vitu vya kale.

Alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911. Babake alikuwa Mgoa mfanyabiashara, mamake Mmasai, na jina la Murumbi ni la upande wa mama. Sisi wa mwambao, ambao nasaba zetu zimevuka bahari mara nyingi, hatuoni ajabu. Alisomea Bara Hindi, akarudi 1933, na baadaye akafanya kazi Somalia ilipokuwa chini ya Waingereza. Wakuu wa chama cha KAU walipotiwa mbaroni mwaka 1952, yeye ndiye aliyekaimu ukatibu mkuu. Mwaka uliofuata aliondoka nchini, na miaka yake ya uhamishoni aliishi London, ambako alipata kuajiriwa katika ubalozi wa Moroko. Alirejea 1962, na 1964 akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje.

Tarehe 24 Februari 1965 rafiki yake mkubwa, Pio Gama Pinto, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake huko Westlands. Waliomjua Murumbi walisema tangu siku hiyo siasa ilimtoka moyoni.

Likizo iliyopita nilikwenda Nairobi na mama watoto na wanangu, tuone athari zake. Baada ya sala ya adhuhuri katika Msikiti wa Jamia tulitembea hadi Moi Avenue, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, jengo ambalo zamani lilikuwa benki. Ukumbi wa chini una jina lake. Vinyago, vito, nguo na silaha kutoka pembe zote za Afrika vimepangwa humo. Vitabu vyake pekee vilipita 50,000, na kama 8,000 kati yake vilipigwa chapa kabla ya mwaka 1900! Angeweza kuviuza ng'ambo kwa fedha nyingi zaidi. Akaiuzia serikali, miaka ya 1970, ili visitoke nchini. Waungwana wa Lamu walioona milango ya babu zao ikipakiwa melini watajua uzito wa jambo hilo.

Binti yangu akauliza nyumba ya mzee huyu iko wapi, twende.

Haiko. Ilikuwa Muthaiga, na bustani yake ilijaa miti. Murumbi aliiuzia serikali pamoja na hazina yake, akitumaini itakuwa taasisi ya elimu ya Kiafrika. Badala yake ikabomolewa. Alan Donovan, mshirika wake aliyeanzisha naye duka na jumba la sanaa la African Heritage mwaka 1972, alisimulia kwamba mzee alikwenda kupatazama, akakuta miti imekatwa, na pigo hilo likamwangusha kitandani. Kununua vitabu vya mtu na kuibomoa nyumba vilimokaa ni kazi ambayo mimi sijapata kuielewa.

Basi tukapanda matatu hadi Parklands, kwenye bustani ya City Park, yenye msitu wa asili na kima wasioona haya. Mmoja alimpokonya mwanangu ndizi mkononi. Murumbi alifariki Juni 1990, na alikuwa ameomba azikwe karibu na Pinto kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2009 pakafunguliwa hapo bustani ya kumbukumbu, yenye sanamu za mawe zilizochongwa na wasanii wa Afrika. Mkewe, Sheila, aliyefariki mwaka 2000, amelazwa ubavuni pake. Kaburi la Pinto liko jirani, na watoto walikwenda wakarudi baina ya makaburi hayo wakisoma majina na miaka.