Freddie Mercury: Mzaliwa wa Zanzibar aliyetawala Krismasi mbili Uingereza

KILA Desemba inapowadia, mashabiki wa muziki wa roki nchini Uingereza hubishana kuhusu wimbo bora wa Krismasi. Kwa kundi la Queen, ubishi huo una kitendawili chake.

Mwimbaji wake, marehemu Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi wafuasi wa dini ya Zoroasta. Alisoma India, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ilihamia Uingereza.

Alitunga "Bohemian Rhapsody", wimbo usioitaja Krismasi hata mara moja, lakini ukaongoza chati za Uingereza wakati wa Krismasi ya 1975. Mwaka 1984 Queen walitoa wimbo halisi wa sikukuu, "Thank God It's Christmas", uliotungwa na wenzake Brian May na Roger Taylor. Uliishia nafasi ya 21.

Mercury alifariki dunia Novemba 24, 1991 akiwa na miaka 45, kwa nimonia iliyotokana na Ukimwi. Mwezi uliofuata "Bohemian Rhapsody" ulitolewa upya, ukaongoza tena wakati wa Krismasi. Mapato yake yalipelekwa Terrence Higgins Trust, shirika linalowahudumia wanaoishi na virusi vya Ukimwi.